Korosho za Mama na Siri za Redio

Mtani wetu wa Rondo alisema kwamba siku nikirudi kumlipa deni lake, atavaa baibui la mkewe na kulizunguka soko la Kilwa Kivinje mchana kweupe. Aliyasema hayo nyumbani kwetu Kiranjeranje, mbele ya watu, amejibweteka kwenye kiti cha marehemu baba bila kukaribishwa, kama watani wanavyofanya. Kisha akatoa fedha mfukoni, akanikopesha.

"Shika," akasema. "Nakukopesha kwa sababu namwonea huruma mama yako kwa kuzaa mtoto kama wewe. Hizi nimeshazizika na matanga nimekwisha anua."

Shangazi yangu, dada wa baba, naye alinikopesha, na maneno yake juu. Alisema Ulaya nitafika, ila nitarudi mahindi hayajabeba, maana mtu wa kula muhogo hawezi kuishi penye barafu. Mwenye duka wa Kivinje, ambaye ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya nauli, hakutania. Alinitazama juu ya miwani, akamwambia mama, "Bibi, mwanao ana stashahada. Huko anakokwenda wenye stashahada ndio wanaofagia. Mimi sikopeshi maneno. Nataka mikorosho."

Mama akaweka rehani mikorosho yake.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, mkorosho huwekwa rehani peke yake, shamba likabaki lako. Unalima mihogo yako chini ya mti, lakini korosho zikianguka ni za mkopeshaji, mwaka hadi mwaka, mpaka siku utakapokomboa. Na kukomboa kuna utaratibu wake: unalipa deni lote kwa mkupuo, mbele ya mashahidi, na kabla mti haujatoa maua. Ua likishatoka, msimu ule ni wa mkopeshaji, hata ukimletea fedha kwa mkokoteni. Mwenye duka aliongeza na sharti lake. Shilingi ilikuwa inashuka kila kukicha, kwa hiyo deni akalihesabu kwa magunia ya korosho. Ningelipa thamani ya magunia yale kwa bei ya siku ya kulipa. Tulikubali. Bei ya korosho wakati ule ilikuwa haina maana, na sikuona hatari yoyote.

Hao ndio walionibeza na hao ndio walionikopesha. Leo stashahada yangu imening'inia sebuleni katika fremu ya mninga. Jina langu limo kwenye makala ya utafiti iliyosomwa na watu wa mataifa, na kuna mabenki ambayo hayafungi mtambo wao kabla mimi sijaukagua. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wengi wa walionicheka bado wako hai na wanaweza kuulizwa.

Kazi yangu ni kufunga ujumbe ili asiyehusika akiusikia au akiuona asielewe, na kujaribu kufungua uliofungwa na wengine ili kujua kama kufuli lake ni zima. Wataalamu huita kusimba na kusimbua. Mimi nilianza kusimbua kabla sijajua kuandika. Mama na shangazi walipotaka kusema jambo mbele yetu watoto, walisema kinyume: silabi ya mwisho wanaileta mbele. Korosho ikawa shokoro. Siku moja mama akamwambia shangazi, "Ngau shaumekwi." Mimi nikaitikia kutoka uani, "Mama, kama unga umekwisha, kwa nini tumemkaribisha mgeni?" Mgeni alikuwa amekaa hapo hapo barazani. Nilichapwa, lakini nilichapwa kwa ufasaha, maana mama alikuwa anacheka. Tangu siku ile wakabadili, wakawa wanaingiza silabi ya kupoteza katikati ya kila neno. Hiyo nayo sikukawia kuifumbua.

Baadaye nikasoma ufundi wa mawasiliano Dar es Salaam na kupata stashahada. Mkufunzi mmoja akaniombea nafasi katika chuo kikuu cha Ulaya. Ningekuwa fundi wa maabara na papo hapo nikisoma kozi zao. Posho wangetoa wao, nauli na koti la baridi juu yangu. Ndipo likaja lile baraza la wakopeshaji.

Mwenye duka alikuwa amekosea. Sikufagia. Nilikaa kwenye maabara iliyokuwa na joto kuliko chumba changu, nikitengeneza mashine za kusimba ambazo wanafunzi wa shahada ya uzamivu walizichora kwenye karatasi. Profesa wetu alikuwa mama mfupi, mvutaji sigara, mkali, na ndiye aliyenifundisha hesabu za kazi hii kwa uvumilivu ambao sijauona kwa mwalimu mwingine. Alikuwa akinipa mafumbo, ananiacha nayo wiki nzima, kisha ananiuliza nimeshindwa wapi. Kushindwa hakukumuudhi, ila alichukia mtu asiyejua alipokwamia.

Siku moja walikuwa wanajaribu mfumo wa kufunga barua za benki. Kila mtu aliutazama kwa upande wa hesabu na kuuona mzuri. Mimi nikauliza, barua zenyewe zinaanzaje?

"Zinaanza kama barua zote za benki," akajibu mmoja. "Kwa heshima, rejea barua yenu ya tarehe fulani."

"Zote?"

"Zote."

Profesa akazima sigara. Aliona nilipokuwa naelekea kabla sijamaliza kufika. Kama unajua barua inaanza na maneno yale yale, umeshapewa kipande cha kufuli bure, na kutokea hapo unaweza kuutafuta ufunguo wote. Jambo lenyewe lilijulikana katika elimu yao, lakini kwa mfumo ule hakuna aliyekuwa amelipima. Aliniuliza nimelitoa wapi. Nikamwambia kwetu mtu hawezi kuomba hata chumvi kabla ya kusalimia, kwa hiyo tangu utotoni nimezoea kwamba mwanzo wa maneno hauna habari, habari inakuja baadaye. Akasema, "Tulipime basi." Tulilipima kwa miezi mingi, yeye kwa hesabu na mimi kwa mashine, na makala ilipotoka jina langu lilikuwa la tatu. La tatu, lakini lilikuwepo, na chini yake neno Tanzania.

Makala ile ikanipeleka kwenye kampuni iliyotengeneza mashine za kadi za benki. Walinilipa niwe mwizi wao. Asubuhi nakunywa kahawa, mchana navunja mashine walizozitengeneza wenzangu wa ghorofa ya juu, jioni naandika nilivyoingia. Mara ya kwanza nilipovunja mashine waliyoisifia sana, mhandisi wake hakuniamkia siku kadhaa. Mara ya pili aliniletea mwenyewe mashine nyingine na kusema, "Ivunje kabla hatujaiuza." Nilivaa suti. Nilikuwa na kiti kinachozunguka.

Lakini nyumbani mikorosho ilikuwa bado rehani. Fedha nilizotuma zilijenga nyumba ya bati na kusomesha wadogo zangu, na mwenye duka hakupokea malipo ya kidogo kidogo. Kisha barua za mdogo wangu zikaanza kuleta habari mpya. Biashara imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho wameingia, wanakuja na malori mpaka vijijini, bei imepanda. Kila mtu alifurahi. Mimi nilikaa kwenye kile kiti kinachozunguka nikijua maana yake: bei ikipanda, deni langu la magunia nalo linapanda. Na mdogo wangu aliandika jambo jingine, kwa mstari mmoja tu, kwamba siku hizi mama anaokota korosho za mwenye duka kwa kibarua.

Yaani mama yangu alikuwa analipwa kwa debe, aokote korosho chini ya mikorosho aliyoipanda yeye na baba.

Niliaga kazini mwezi ule ule. Mabosi wangu walidhani nimepata kampuni nyingine, wakaniongezea mshahara. Nikawaambia sivyo, na nikarudi nyumbani na akiba yangu na stashahada yangu. Niliposhuka kwenye basi, mama alikuwa njiani na debe kichwani. Hakulitua. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba, baba. Umekonda," akasema, "nisubiri nipeleke hizi, msimamizi anafunga mzani." Nikasimama na suti yangu barabarani, nikamsubiri.

Akiba yangu ingelipa deni lile kwa bei ya zamani na kubakiza. Kwa bei mpya haikutosha. Mwenye duka alinihesabia mbele ya mama, bila kuongeza na bila kupunguza. Haki yake ilikuwa wazi, na hata mimi sikuwa na la kubisha.

"Msimu ujao, inshallah," akasema kwa upole. Upole wake uliniuma kuliko dharau ya zamani.

Ndipo nikasikia kwamba kampuni moja ya kununua korosho, yenye ofisi Lindi, ilikuwa inalia. Kila asubuhi vituo vyake vya vijijini vilizungumza na Lindi kwa redio ya upepo kuulizana bei na kupanga malori yaende wapi. Kwa kuwa redio ya upepo husikika na yeyote mwenye chombo, walikuwa na jedwali la siri: kila silabi ina namba yake, na hewani walisoma namba tupu. Hata hivyo washindani walifika kila kijiji mapema kidogo, na bei ya juu kidogo. Mkurugenzi, aliyetoka Dar, alikuwa na hakika kwamba karani wa redio wa Nangurukuru anauza siri. Alikuwa tayari kumfukuza na kumpeleka polisi.

Nilikwenda Lindi na suti. Nikamwambia, "Mheshimiwa, nipe muda nisikilize kabla hujamfunga mtu."

"Wewe nani?"

Nikamwambia mimi nani. Nilichukua muda wangu. Alipomaliza kunisikiliza akaagiza chai.

Nilikwenda kukaa Nangurukuru na redio ndogo, si katika ofisi yao bali katika mgahawa wa jirani, kama ambavyo mshindani angekaa. Karani aliyeshukiwa alikuwa mtu mzima, mswalihina, sauti yake tulivu kama ya mtu anayesoma hitima. Niliandika namba alizosoma na alizojibiwa. Kila asubuhi ujumbe ulianza na mfululizo wa namba zile zile, mrefu ajabu, ukapokewa na mfululizo mwingine ule ule. Ijumaa mwanzo ulibadilika kidogo. Ramadhani ilipoingia ukabadilika tena.

Nilicheka peke yangu mpaka mwenye mgahawa akaniuliza kama chai ina kitu. Walikuwa wanasalimiana! Mkurugenzi alikuwa ameamuru kila neno hewani lisomwe kwa namba, na wao wakatii. Asalaam aleikum, za asubuhi, umeamkaje, wazee hawajambo, watoto je, alhamdulillahi: yote kwa namba, kila siku, kila kituo, kwa mpangilio ule ule. Mshindani hakuhitaji jasusi, alihitaji mtu mmoja tu aliyelelewa vizuri. Ukishajua salamu, umepata namba za nusu ya silabi za jedwali, na zilizobaki unazipata kwa kukisia, maana kinachofuata siku zote ni bei na jina la kijiji. Mimi mwenyewe nilikuwa nasoma bei zao kabla chai haijapoa.

Nilimwita karani pembeni, nikamsomea ujumbe wake wa asubuhi ile. Rangi ikamtoka.

"Mwanangu, wallahi mimi sijauza."

"Najua, mzee. Umesalimia."

Mkurugenzi alipoelezwa alikuja juu. "Basi ni marufuku kusalimiana! Kuanzia kesho, bei tu!"

Kesho yake nilisikiliza. Namba zikaanza, na mwanzo wake ulikuwa ni salamu zile zile. Nikamwuliza mzee kulikoni.

"Nianze na bei kama mlevi?" akaniuliza. "Yule wa Lindi mkwe wangu. Nimpigie namba za korosho usoni bila kumwuliza watoto? Anifukuze tu huyo mkurugenzi."

Nilimwelewa kabisa, na hapo ndipo kusoma kwangu na kuzaliwa kwangu pwani hii vilipofanya kazi pamoja. Mtaalamu wa kutoka mbali angeendelea kuwapigia kelele waache salamu, na wao wangeendelea kusalimiana kwa siri. Mimi niliziondoa salamu kwenye namba. Nikawaambia wasalimiane kwa mdomo, wazi, kwa Kiswahili safi, waulizane hata habari za mbuzi, ulimwengu mzima usikie. Wakimaliza, ndipo waingie kwenye siri, na siri hiyo ianze moja kwa moja na habari. Kisha nikawatengenezea jedwali linalojipanga upya kila siku kwa ufunguo ambao kila karani aliuhifadhi kichwani, ili namba ya leo isiwe na maana kesho.

Lakini kabla ya kulitumia jedwali hilo ilibidi nimsafishe mzee, maana mkurugenzi bado alimshuku. Tukamwomba asome ujumbe mmoja kwa jedwali la zamani, salamu zake zote ndani, kwamba keshokutwa kampuni itanunua Kiranjeranje kwa bei ya juu sana. Ujumbe tuliutunga mimi na mkurugenzi, na mzee alipewa namba tayari, akazisoma mbele ya macho yetu, na tangu hapo hakuachwa peke yake. Siku iliyotajwa, kabla jua halijawa kali, lori la washindani likaingia kijijini kwetu linapiga honi. Hapakuwa na mnunuzi mwingine. Watu waliwazunguka na magunia, nao wakatangaza bei ya kuwazidi watu ambao hawakuwepo. Mkurugenzi alikuwa amejificha kwenye gari dogo pamoja nami. Alijipiga paja.

"Hewani!" akasema. "Tulikuwa tunawaambia sisi wenyewe."

Alimwomba mzee radhi siku ile ile, kwa mdomo wake, na hilo namsifia.

Mimi sikuwa natazama lori. Nilikuwa natazama watu wa kijiji changu wakiuza kwa bei ambayo hawajawahi kuiona, mama akiwa amesimama kando na debe lake. Jirani akamwita, "Dada, leta zako, leo ni leo!" Mama akajibu, "Zangu ziko wapi? Hizi za watu," akaendelea na njia ya kwa msimamizi. Bei ile niliitunga mimi. Kila mtu Kiranjeranje aliila, isipokuwa yeye.

Msimu ule kampuni ilinunua korosho zake kwa utulivu kwa mara ya kwanza, na mkurugenzi akanilipa vizuri, kwa sababu nilimtajia bei yangu na sikushuka. Habari zikasambaa. Benki moja mpya ikanitafuta nikague njia zake za mawasiliano kati ya Dar na Mtwara. Nilikwenda, nikavunja walichodhani hakivunjiki, nikakitengeneza, nikalipwa tena. Barabara ya kurudi ilikuwa mbovu, kivuko cha Rufiji kilikuwa kimelala, na mikorosho haisubiri kivuko. Nilifika Kivinje mikorosho ya njiani ikiwa imeshachipua majani mapya, yale mekundu yanayotangulia maua.

Niliingia dukani mbio, nikatua bahasha juu ya meza ya duka. Mwenye duka, ambaye sasa alikuwa amezeeka, hakuigusa. Akanitazama juu ya miwani kama siku ile ya zamani.

"Nasikia wewe ndiye uliyewafundisha watu wa redio kwamba salamu kwanza, mali baadaye."

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Haya, sasa leta."

Tukaenda Kiranjeranje na mashahidi. Shangazi nilimlipa uani kwake, akahesabu, akasema barafu ilinifaa. Mtani wa Rondo alikuwa amepelekewa ujumbe, na alikwishafika, amekaa kwenye kiti cha baba. Nikamhesabia fedha zake mbele ya watu.

"Hizi sizipokei hapa," akasema. "Mimi ni mtu wa neno langu."

Tukatembea mashambani kwanza. Mwenye duka, kwa taratibu, akaushika kila mkorosho kwa mkono, akasema, "Huu nimekurudishia," na mama akaushika baada yake. Hakuna mti uliokuwa na ua. Katika mti wa mwisho, ule mkubwa alioupanda baba mwaka niliozaliwa, mama aliacha mkono wake pale kwa muda. Kisha akamgeukia shangazi.

"Shokoro nguza," akasema.

Mwenye duka akaniuliza mama anasema nini. Nikamwambia hiyo ni siri ya kitaalamu, na mimi nalipwa kwa kutotoa siri.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, soko la Kivinje lilisimama. Mtani wetu aliingia na baibui jeusi lililomfika magotini, ndevu zake nje, akisalimia kila meza ya samaki kwa sauti ya kike, na kila aliyemwona akaitikia huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipomaliza kuzunguka akanyoosha mkono mbele yangu, nami nikamlipa fedha zake zote. Sijadaiwa na mtu tangu siku hiyo.